Turubai Lilitolewa na Nani

Nilisoma mpaka darasa la sita, na sioni haya kulisema, kwa sababu leo watu wenye digrii wanabisha hodi kabla ya kuingia ofisi yangu. Nina stoo tatu za mahindi barabara ya Moiben, mashine mbili za kukaushia, na malori ambayo ukiyaona mjini Eldoret huna haja ya kuuliza ni ya nani. Yote nimeyafanya kwa mikono hii. Lakini kilichonisukuma ni barua moja ya Kiingereza, mistari michache tu, ambayo nimeihifadhi kwenye mkebe wa majani chai tangu siku niliyopewa.

Wakati huo nilikuwa mbeba magunia kwenye stoo ya mtu. Mavuno yalikuwa mengi, stoo ikajaa, magunia mengine tukayapanga uani na kuyafunika kwa turubai. Ijumaa moja meneja wetu akaja na pikapu, akafungua zile kamba mwenyewe, akalikunja turubai na kulitupa nyuma ya gari. Alikuwa anaenda kufunika nyasi za ng'ombe wake wa maziwa.

"Mzee, angalia mawingu," nilimwambia.

"Wewe kazi yako ni mgongo," akanijibu. "Mawingu niachie mimi."

Jumamosi ikanyesha kutwa nzima. Jumatatu ukifungua magunia ya chini, mahindi yalikuwa yamevimba na kuanza kunuka. Jumanne nikapewa barua. Mlinzi wa geti, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne, ndiye aliyenisomea:

"The maize was carelessly left uncovered and was consequently spoiled. You are therefore dismissed."

Akanieleza kwa Kiswahili: mahindi yaliachwa wazi kwa uzembe na kwa hiyo yakaharibika, basi umefutwa. Nikamuuliza, yaliachwa na nani? Akaigeuza barua, akatazama hata nyuma. "Haijasema," akaniambia. "Lakini aliyepewa barua ni wewe."

Hilo ndilo lililoniuma. Kila stoo niliyoenda kuomba kazi waliitaka barua ya kule nilikotoka. Wakiisoma wanaitazama mikono yangu kama ya mtu mwenye ukoma, na geti linafungwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nikaapa kwamba yule mtu, siku moja, atalisema jambo lile kwa mdomo wake, mbele ya watu, na jina lake likiwa ndani.

Tulikuwa tunaishi Munyaka, na jirani yetu alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Nilimpelekea barua yangu na kilo kumi za unga, nikamsimulia habari ya turubai. Nikamwambia sitaki Kiingereza chote, nataka hiki tu kilicho hapa.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Baba, wewe ni mwanafunzi wa kwanza kuniletea kitabu cha mistari miwili." Halafu akawa si wa kucheka tena. Akaweka kidole kwenye neno "was". "Hapa nani ameshika turubai?"

"Hakuna mtu."

"Haya. Turubai limetembea lenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya hili neno: linamtoa mtu nje ya nyumba na kuacha mlango umefungwa. Sasa mwangalie huyu 'carelessly'. Ameingia katikati, kati ya 'was' na 'left'. Angeweza kukaa nyuma, lakini hapo katikati amekaa kwa starehe, msomaji anakutana na uzembe kabla hajajua ni nini kimefanyika. Na huyu 'and' ni kamba. Anafunga kosa la kwanza kwa la pili, na ukitaka, 'was' mmoja anatosha kubeba yote mawili. Kisha 'consequently', kisha 'therefore'. Ukivipanga hivyo mtu anadhani kuna ushahidi. Kumbe ni kamba tupu."

Hata sisi tuna maneno ya namna hiyo. Lakini nenda Moiben useme ng'ombe ameibiwa. Kabla hujafunga mdomo umeulizwa nani, na alipitia wapi. Kizungu cha ofisi hakiulizwi. Kinapigwa muhuri.

Nilienda kwake kila Jumapili baada ya kanisa, karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikiandika kwa chaki juu ya magunia: the dog was fed and was then chained, the gate was quickly opened but was never closed, yaani mbwa alilishwa kisha akafungwa mnyororo, geti lilifunguliwa haraka lakini halikufungwa kamwe. Wakati huo nilikuwa nimeanza kununua mahindi kwa debe na kuyauza, na vibarua niliofanya nao kazi waliniita Profesa wa Magunia. Niliwaacha wacheke. Wawili kati yao leo wanaendesha malori yangu.

Nilipopata stoo yangu niliweka sheria moja, na chanzo chake ni barua ile. Kwangu hakuna mahindi "yaliyoonekana" mabichi. Tunatoa punje kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kudunga gunia, tunazitia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, na mwenye mahindi anatikisa mwenyewe mbele ya foleni. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi ni mabichi, unangoja zamu ya kukaushiwa. Isipoganda unaingia stoo moja kwa moja. Na ukishikwa umeweka makavu juu na mabichi chini, unageuza trekta. Kipimo cha umeme ninacho pia, lakini chupa haibishaniwi.

Mwaka jana, mvua ikiwa imetuvamia katikati ya mavuno, meneja wangu wa zamani akaja. Amestaafu, analima. Alishuka kwenye trekta akiwa na kofia yake na fimbo, akaipita foleni nzima kama haioni.

"Yangu ni kavu," akasema. "Nipitisheni tu."

Hakunijua. Msimamizi wangu alimjua, kwa sababu tulibeba magunia pamoja siku zile na siku ya turubai alikuwepo. Alinitazama. Nikachukua bambo mwenyewe, ingawa siku hizi kazi hiyo sifanyi, nikapita magunia ya juu, nikadunga la chini kabisa. Mbeba magunia hadanganywi na gunia la juu. Nikampa mzee chupa.

Alitikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo kama jivu. Watu wa foleni wakaguna. Mmoja akasema, "Mzee, hiyo ni kavu ya wapi? Ya kisimani?"

Nikaingia ofisini, nikaandika karatasi kwa mkono wangu, nikamletea:

"The maize was sampled and was found wet. It was therefore rejected."

Aliisoma mara mbili: mahindi yalipimwa, yakakutwa mabichi, kwa hiyo yakakataliwa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati.

"Yamekataliwa na nani?" akauliza. "Hapa hakuna jina."

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka mingi kuliko umri wa mtoto wangu wa kwanza.

"Na mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekataa. Sasa na wewe niambie, lile turubai la uani lilitolewa na nani?"

Akanitazama vizuri, kwanza uso, kisha mgongo. Nikaona amenijua.

"Hiyo barua niliambiwa niandike."

"Sijauliza barua. Nimeuliza turubai."

Tone la kwanza likagonga treila yake. Treila ilikuwa wazi.

"Nililitoa mimi," akasema.

"Sema wasikie."

"Mimi ndiye niliyelitoa turubai. Huyu mtu hakuwa na kosa."

Kama mnadhani nilimkumbatia, hamjawahi kufungiwa geti. Nilimwambia nitayakausha mahindi yake, lakini atashika mkia wa foleni, na nikarudi ofisini. Maturubai ninayo kumi na mawili. Sikumpa hata moja. Mvua ikapiga bati, na mimi nikanywa chai yangu mpaka tone la mwisho.

Asubuhi nilienda kuyaangalia magunia yake. Treila ilikuwa imefunikwa kutoka pembe hadi pembe, kamba zimefungwa kwa lile fundo letu la zamani la wabeba magunia. Nikamwita msimamizi.

"Nani amefunika hii?"

Alikuwa anajikuna shingo, viatu vyake bado vimelowa. "Ilifunikwa, mkubwa."

Nilivitazama vile viatu. Halafu nikamwambia aende akaendelee na kazi.

Zamu ya mzee ilifika siku ya nne, wala sikuisogeza hata kwa nusu saa. Siku hizi tukikutana mjini ananisalimia yeye kwanza, na kofia anavua. Namwacha angoje kidogo kabla sijaitika.