Muhogo Ataubebea Wapi

Mimi uzee haukuniletea busara, umeniletea kiherehere. Mjukuu wangu Zaituni kanunua baiskeli ya bei nafuu Masasi, ya kushindania Newala. Naitazama: haina keria, haina madigadi, haina kengele. Hata pedeli hazitulii, gurudumu likizunguka nazo zinazunguka. Nikasema mtoto kauziwa mbovu. Muhogo ataubebea wapi?

Jumamosi, Zaituni yuko shamba Chiwata, nikaikokota mpaka kwa fundi hapa Chiungutwa.

"Shikamoo bibi. Zaituni anajua?"

"Marahaba. Kamlea nani, wewe au mimi? Funga."

Akafunga keria, madigadi na kengele, akabadilisha na gia ya nyuma pedeli zitulie. Hata usoni hanitazami. Nikajua ananiheshimu.

Jioni nikasimama mlangoni nasubiri shukrani. Zaituni akaishikashika ile keria, akakaa chini kabisa.

"Mke mwenzangu, hivi vyote vilikuwa vyangu. Nilimbembeleza fundi huyo huyo avitoe ndipo nikaileta nyumbani, iwe nyepesi. Mashindano kesho asubuhi, na fundi keshafunga kibanda."

Mkono wangu, sijui nani kautuma, ukapiga kengele.