Muulize Jirani wa Kibanda

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, siku ya tatu baada ya moto kuteketeza vibanda vya soko letu hapa Tunduma. Serikali ilitangaza mikopo ya dharura kwa wafanyabiashara wadogo waliounguliwa. Mimi, kijana mwenye mwandiko mzuri, nikapewa kazi ya kuorodhesha majina. Nilitaka watu wasaidiwe haraka, basi nikaandika nikiwa nimekaa ofisini, sokoni sikufika.

Rashidi alikuja na barua ya mtaa. Tulikuwa tukisali safu moja. Sikumuuliza neno, nikamwandika, na orodha ikajaa.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Hamisi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipoipitia aliweka kidole kwenye jina hilo.

"Huyu umemwona lini akiuza?"

"Mzee, huyu ni mtu wa msikitini."

"Sikukuuliza anasali wapi. Anauza wapi?"

Akavaa kofia yake, tukamwita Rashidi, tukaenda kusimama kwenye majivu ya kibanda alichosema ni chake. Mzee akamuuliza swali moja tu: kushoto kwako anakaa nani?

"Mama mmoja wa nyanya," akajibu.

Pale kushoto mwanamke alikuwa akifukua majivu, mikono imejaa masizi. Akainuka. Alikuwa Mama Neema wa Ihanda.

"Nyanya? Baba, mimi hapa nauza maharage tangu Neema hajazaliwa! Wewe ndiyo kwanza nakuona. Hicho kibanda kina miezi hakina mtu."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akamuuliza mama kama amejiandikisha. Hakuwa amejiandikisha, siku zote hizo alikuwa akitafuta mzani wake humo kwenye majivu. Magunia yake yote yalikuwa yameungua, na bila mkopo ule biashara yake ilikuwa imekwisha.

"Umeona?" Mzee akaniambia taratibu. "Ulitaka kumfaa mwenzako kwa haki ya mama huyu."

Nikakata jina la Rashidi, nikaandika la Mama Neema. Kabla ya mvua alikuwa anauza tena. Rashidi na mimi tulisali safu moja miezi mingi bila salamu. Iliniuma, sikufichi.

Nimesikia umechaguliwa kwenye kamati ya mikopo ya dharura, ndiyo maana nakueleza haya. Leo mna simu na vitambulisho, namshukuru Mungu. Lakini kitambulisho hakikwambii kama mtu alikuwa na kibanda. Nenda mwenyewe kabla hujatia saini. Muulize jirani wa kulia na wa kushoto. Mwombaji akiwa ni ndugu yako au mnasali pamoja, mpe mwenzako wa kamati amkague. Na kabla orodha haijaenda mkoani Vwawa, zunguka soko uulize nani hajaandikwa. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi kubwa, na mwenye shida hawezi kusubiri.

Mola ailinde kalamu yako, mwanangu. Akuonyeshe wale wasiojua njia ya ofisini, na akupe subira kwa atakayekununia. Amina.