Maana ya Viaticum Niliyomficha Baba

Mwanangu, nakumbuka asubuhi ile kwetu Maguu nilipomkubalia shangazi yangu jambo ambalo leo natamani ningelikataa: kumficha baba maana ya neno moja la Kilatini.

Baba alikuwa mgonjwa kitandani. Padri alikuja kumpa komunyo, na alipokuwa akitoka alituambia polepole kwamba amempa viaticum. Katika nyumba nzima mimi peke yangu nililijua neno hilo, maana nilisoma Kilatini seminari kabla sijarudi kulima kahawa. Kwa Warumi wa kale lilikuwa masurufu, yaani chakula na fedha za mtu anayeondoka safari ndefu. Kanisa likalichukua kwa komunyo ya mtu anayekaribia kufa. Kwa mgonjwa wa kawaida halitumiki.

Shangazi alinivuta hadi jikoni. "Ukimwambia, utamuua kabla ya siku yake. Nyamaza."

Nikakubali. Kumbe baba alikuwa amelisikia lile neno la padri.

"Wewe msomi," akaniita. "Kahawa yangu yote iliishia kwenye hicho Kilatini chako. Haya, nifaidishe leo. Padri kasema nini?"

"Ni komunyo ya kuwatia nguvu wagonjwa, Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi nikipata nguvu nitashuka mwenyewe Lituhi. Yule mdogo wako mkaidi, nikimtumia mtu atasema namwogopa."

Mdogo wangu Kosmasi alikuwa mvuvi huko Lituhi, ziwani, na hawakuwa wamesemezana na baba tangu walipogombania shamba. Kwetu Wamatengo, mzee anayejua kwamba anaondoka huita sengu, baraza la ukoo. Watu hula pamoja, naye husema yaliyo moyoni na kuwapatanisha wanawe. Baba hakuita sengu. Alingoja nguvu, akafa akizingoja.

Kosmasi alifika tumeshazika. Aliniuliza tu kama baba alijua kwamba anaondoka. Nikamwambia ukweli wote.

Mwanangu, mgonjwa akikuuliza habari zake mwenyewe, mjibu kwa upole, lakini mjibu. Mimi nilidhani namwepusha baba na hofu, kumbe niliyekuwa na hofu ni mimi. Mungu akujalie ulimi mpole na moyo usiokwepa, akupe na uzee wenye ndugu wa kula nao. Mimi sina. Kosmasi hakukanyaga tena nyumbani kwangu, na sasa naye amefariki.