Machicha ya Busaa na Kabichi za Mke Wangu

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kitale. Huko ndiko nilikoona maganda ya viazi na mabaki ya jikoni yakifukiwa, kisha yakatoka mbolea nyeusi na laini kama ugoro. Nikarudi kwetu Bungoma na kichwa kikubwa, nikachimba shimo nyuma ya jiko, nikamwahidi mke wangu kabichi zisizobebeka.

Lakini nyumba ya watu wawili haina mabaki. Hata ukoko wa ugali tuliutafuna. Jirani yetu alipika busaa, pombe ya nafaka, na machicha yake akayamwaga tu, basi nikawa nayachukua kwa debe. Mke wangu alipouliza, nilimwambia ni pumba kutoka kinu cha posho. Uongo ule ni wangu, siwezi kumtupia shetani.

Shimo likachemka! Asubuhi lilifuka mvuke kama sufuria, na kabichi zikatanuka hata wapita njia wakapunguza mwendo.

Ndipo akaja baba mkwe, mzee wa kanisa. Aliponipa binti yake alisema wazi: siku akisikia pombe kwangu, anamrudisha kwao. Hata hajaketi, jogoo wetu akatokea nyuma ya jiko akiyumba. Akajaribu kuwika, akaanguka. Kuku wawili wakamfuata, mmoja akitembea kinyumenyume.

"Mkwe," akasema, "hawa kuku wako wanasali wapi?"

Akanusa, akafuata harufu mpaka shimoni. "Binti yangu, funga nguo zako."

Mke wangu akanigeukia. "Si ulisema ni pumba?"

"Ni machicha ya jirani. Sijaonja, baba, hata tone!"

"Nikuamini vipi, na kuku wenyewe wako hivyo?"

Mke wangu akachota mbolea kwa mikono miwili, akaipeleka puani pa baba yake. "Mlevi angeyakamua hayo machicha anywe, baba. Huyu ameyazika. Ni mwongo, ndiyo. Lakini huyu mwongo niachie mimi."

Mzee akatazama kabichi, akatazama jogoo aliyelala miguu juu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Tulicheka mpaka tukashikilia ukuta.

Aliondoka peke yake, kabichi mbili zimefungwa nyuma ya baiskeli. Mke wangu akarudi kutoka kumsindikiza, bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Haya, niambie na uongo mwingine wote."

Nikamwambia mmoja tu. Najuta, maana siku ile, kwa jinsi alivyokuwa akicheka, angenisamehe yote.