Nilivyorekebisha Orodha ya Chama

Mimi ni karani wa chama cha wafugaji, na kosa ni langu. Orodha yetu imegawanywa katika kompyuta mbili, moja ofisi ya Molo na nyingine ofisi ya Kiamunyi. Mwanachama namba 400 alikuwa akitokea kwenye zote mbili. Nikarekebisha, nikajiona mtaalamu: Molo ishike namba zilizo chini ya 400, Kiamunyi zilizo juu ya 400. Daktari wa mifugo akachanja kwa kufuata orodha hizo.

Mkutanoni mjane mmoja, Mama Chebet, akasimama.

"Mzee, daktari alipita kwangu bila kusimama. Ng'ombe wangu wa pekee amekufa."

"Pengine hukujiandikisha, mama," nikamjibu mbele ya watu.

Akaniwekea kadi yake mezani. Nikaitazama.

"Soma kwa sauti, mzee," mwenyekiti akasema.

"Mia nne," nikasoma.