Baba Alipotuacha Likoni na Mtungi

Enzi zetu, kabla wikendi haijawa kitu cha kupelekana Mombasa, wazazi wa Machakos hawakujua likizo ya mapenzi. Mapenzi yao yalikuwa watoto saba na ng'ombe wawili, yakaishia hapo. Mume na mke wakionekana wakitembea bega kwa bega sokoni, watu waliuliza ni nani amekufa. Ndiyo maana hadi leo nashangaa baba yangu alipata wapi moyo wa kumpeleka mama pwani kwa siku tatu.

Kusema kweli hakuupata popote. Mama alikuwa amenuna tangu mavuno ya mbaazi, na alikuwa ameanza kukunja nguo zake na kutaja Wamunyu, kwa mama yake, kila anapoinjika chungu. Susu, nyanya yetu mzaa baba, ndiye aliyemwambia baba amtoe mkewe akaone dunia kabla hajajitoa mwenyewe. Kisha akaamuru mimi, Mwende, kitindamimba wa miaka minane, niandamane nao ili wasiuane njiani. Nikakaa katikati yao kwenye basi, nikila mayai ya kuchemsha, huku wakizungumza kupitia kwangu. Mwambie baba yako afungue dirisha. Mwambie mama yako limeshika kutu.

Basi lilituvusha kwa feri jioni tukisinzia, tukafikia kwa binamu wa baba huko Likoni, ng'ambo ya mji. Jumamosi asubuhi tukashuka kupanda feri tuingie mjini, tule biriani na kupiga picha studio. Baba alivaa suti ya harusi iliyogoma kufunga kifungo. Mama alivaa gauni la kanisa, na mkononi alishika mtungi wa lita ishirini uliofungwa mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hubebea maji.

Ninyi mliozaliwa na bomba ndani ya nyumba hamtaelewa. Sisi tulidamka kufukua mchanga wa mto mkavu ili tupate maji ya chai. Mkamba wa enzi hizo hakupita penye maji mikono mitupu. Ilikuwa sawa na kumpita mkwe bila salamu. Baba alimwambia maji yale ni ya chumvi. Mama akajibu kwamba ng'ombe wanapenda chumvi, akaingia baharini hadi magotini kuujaza mtungi mbele ya umati mzima uliokuwa ukielekea kwenye feri. Watu wakacheka. Na baba yangu, mzee wa kanisa, akatutazama kama watu asiowajua, akanyoosha tai, akapanda feri peke yake. Feri ikaondoka naye.

Sijawahi kuogopa hivyo tena. Mama alisimama pale gauni likimchuruzika maji, hakulia wala hakulaani. Alisema kwa sauti yake ya kila siku:

"Mwende, hiyo feri ikirudi bila yeye, sisi tunaenda Wamunyu. Na haturudi."

Feri iliporudi nilikagua kila kichwa. Wakashuka wanawake wa mabuibui, wenye baiskeli, wenye mikokoteni ya nazi, hata mbuzi. Nikaanza kulia. Wa mwisho kabisa akatoka mtu mwenye suti isiyofunga. Hakuomba msamaha, wanaume wa kwetu hawakufundishwa neno hilo. Alisema tu:

"Leta hiyo mtungi."

Akauweka mukwa kwenye paji la uso wake, akaubeba mzigo mgongoni watu wote wakitazama. Kwetu, mwanamume kubeba maji kwa mukwa, ni afadhali aonekane bila suruali. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tulivuka hivyo, tukala biriani, na kwenye picha ya studio baba ana alama ya mukwa kwenye paji kama mtu aliyevuliwa taji. Wamunyu haikutajwa tena. Ng'ombe walionja maji yale mara moja tu, wakageuka.

Mwezi uliopita mume wangu, kijana wa Syokimau niliyemzidi umri, mwenye kazi ya kompyuta, alinipeleka Mombasa kwa treni. Hoteli ilimwaga maua kitandani kana kwamba kuna maziko. Tulipofika Likoni nilisimama kidogo kutazama maji, naye, akijipiga video, akaingia kwenye feri bila kugeuka. Hatukuwa tumegombana hata kidogo. Simu ikalia kutoka ng'ambo.

"Babe, usijali, panda inayofuata. Nimekutumia lokesheni ya mkahawa."

Hawa wa siku hizi ni watu wazuri, sikatai. Wanaosha vyombo, wanasema nakupenda mara tatu kabla ya chai. Lakini enzi zetu mtu alikuacha kwa hasira, akarudi. Siku hizi anakuacha akiwa na raha zake, na anakuelekeza njia.

Feri ilirudi. Niliwatazama walioshuka mmoja mmoja hadi wa mwisho, ingawa nilijua hayumo. Kisha nikapanda.