Murwaza wa Kapita

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuoshea sakafu imechanganyika na chai ya tangawizi, hucheka peke yangu kama mwehu. Harufu hizo mbili hazikupangiwa kukutana. Aliyezikutanisha ni bibi yangu, mjini Bujumbura, kwa ajili ya paka.

Paka mwenyewe aliitwa Kapita, kwa kuwa alikuwa kama makapita wote wa maghala: hafanyi kazi, anasimamia tu. Babu ndiye aliyemleta akiwa mdogo kutoka ghala alikofanya kazi, Zone Industrielle, kwenye mtaa wa viwanda. Babu alipofariki paka akabaki, akazeeka, na Bibi hakuchoka kumsimanga. "Huyu ni muzigo wa marehemu," alikuwa akisema, huku akimchambulia miiba ya samaki.

Asubuhi moja Kapita alianza kuchuchumaa kila pembe ya nyumba, analia, na mkojo hautoki. Kufikia adhuhuri hakuweza kusimama. Bibi akamfunga kwa kitenge, akanishika mkono, tukapanda teksi hadi Kinindo, kwa daktari anayetibu mbwa wa wenye majumba. Njia nzima alimkaripia: "We Kapita, usinifanyie hivyo. Mi nakuambia, usinifanyie hivyo." Nikaogopa kweli kweli.

Daktari, kijana mpole, alimpapasa tumbo akakunja uso. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Akamchoma sindano ya usingizi, akampitishia mrija mwembamba, akamtundikia dripu.

"Mama, ni muzee, moyo wake umechoka. Atalala hapa, tutaona kesho."

"Na murwaza wake atalala wapi?"

Kijana wa watu akamtazama paka, akamtazama Bibi. Kwetu, msomaji wangu, mgonjwa halazwi hospitali bila murwaza, yaani ndugu wa kumpikia, kumfulia na kugombana na wauguzi kwa niaba yake.

"Mama, paka hana murwaza."

"Apana. Mugonjwa hawezi kuachwa bila mutu wake. Ningoje."

Tukarudi nyumbani Buyenzi. Bibi akakusanya mkeka, beseni, sabuni, chupa ya chai ya tangawizi na sufuria ya uji, maana mgonjwa haulizwi uji. Kila jirani aliyetuona na mizigo ile aliuliza nani amelazwa, na wapi. "Ni mutu wa kwetu, yuko Kinindo," Bibi alijibu bila kupepesa macho. Tuliporudi kliniki, daktari alitufungulia mlango.

Basi kabla ya magharibi akina mama wa mtaa walikuwa mlangoni mwa kliniki, wamejitanda vizuri, mikononi machungwa na soda. Walipoonyeshwa kizimba wakatazamana. Hakuna aliyecheka; ukishakuja kumjulia mgonjwa hali, umekuja. Mmoja akasema, "Mungu amuponye," wenzake wakaitikia amina. Kisha wakaketi mkekani, juu ya sakafu inayonuka dawa, wakanywa chai, wakamenya machungwa, na mbwa mkubwa aliyeletwa kuchanjwa akawapisha kwa heshima. Bibi, ambaye siku zote alivuka barabara kukwepa najisi ya mbwa, hata hakumwona. Daktari alitazama umati ule, akamletea Bibi mto.

Asubuhi tulimkuta Kapita ameketi, anatusimamia. Mkojo ulikuwa umetoka wenyewe, bila mrija. Bibi akapiga kigelegele, na mbwa wote wa kliniki wakamwitikia.

Kisa hicho nilikisimulia miaka mingi kwenye harusi za ukoo, watu wakashika mbavu. Siku moja, Bibi akiwa ameshatangulia, mama alinivuta kando. Akaniambia kwamba Babu alilazwa wakati wa milio ya risasi, njia zimefungwa. Bibi alifika kwenye kizuizi na mkeka kichwani, akarudishwa. Akajaribu tena, akarudishwa. Babu alikata roho hana mtu wake kando.

Sikujua. Nililia pale pale, katikati ya ngoma za harusi. Bado nakisimulia kisa kile, na watu bado wanacheka, nami nacheka nao. Ila sasa namshukuru yule daktari kijana, ambaye hajui alichokifanya: alimwacha Bibi aingie.